Nani Anazungumza Ndani ya Wimbo? Ujumbe na Uzito wa Kimaadili katika Muziki wa Kizazi Kipya

Msanii wa Bongo Fleva akikaa mbele ya mtangazaji, hachelewi kuulizwa swali lilelile: wimbo huu una ujumbe gani kwa jamii? Naye hujibu kama mwanafunzi aliyeulizwa funzo la hadithi. Vijana wajihadhari, wazazi waheshimiwe, wapenzi wavumiliane. Wazee wanaolalamika kwamba muziki umekufa hushika kipimo hichohicho, na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) hukitumia pia linapofungia wimbo. Kipimo hicho ni chepesi mno. Kinapima kile kinachobaki baada ya kuondoa sauti, mhusika, kisa na mdundo, yaani sentensi ambayo ingeweza kubandikwa kwenye ukuta wa zahanati. Makala hii inadai kwamba uzito wa kimaadili wa muziki wa watu hautafutwi kwenye sentensi hiyo. Uko kwenye nafsi inayozungumza ndani ya wimbo, na mahali ambapo nafsi hiyo inamweka msikilizaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Ndio Mzee" wa Professor Jay, uliomo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001. Msanii mwingine mwenye hasira angesimama nje na kumshtaki mwanasiasa. Joseph Haule, ambalo ndilo jina lake halisi, alivaa sauti ya mgombea mwenyewe. Anapanda jukwaani, anamwaga ahadi juu ya ahadi, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa kutowezekana, na umati unaitikia kwa maneno yaliyoupa wimbo jina. Mtego uko kwenye kiitikio. Ndicho kitamu, ndicho kinachokumbukwa, na hakuna anayeusikia wimbo huu mara mbili asiitikie. Msikilizaji aliyedhani anamcheka mwanasiasa anajikuta yumo katika umati unaodanganywa, tena unaoshangilia kudanganywa. Hakuna mstari unaotamka kwamba wananchi nao wana lawama. Kinachosema hivyo ni utaratibu wa kuitikiana, ambao waimbaji wa ngoma waliujua kabla redio haijafika nchini, na ambao mikutano ya hadhara iliuazima kwa manufaa yake. Mwaka 2015 Haule aligombea ubunge wa Mikumi kupitia CHADEMA, akashinda. Alilazimika kuomba kura, safari hii kwa kumaanisha, kwa watu waliokijua kiitikio hicho kwa moyo.

Ukiuliza ujumbe wa "Ndio Mzee", utaambiwa kwamba wanasiasa ni waongo. Hilo nani alikuwa halijui?

"Starehe" wa Ferooz, aliomshirikisha Professor Jay, ulitoka mwaka 2004, miaka michache baada ya Rais Benjamin Mkapa kutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Wakati huo mabango yalikuwa kila mahali, na dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zilianza kutolewa katika hospitali za serikali. Nyimbo za kuonya zilikuwa nyingi kupindukia, na nyingi zimesahaulika kwa sababu mwimbaji alisimama upande wa wazima na kuwanyooshea kidole wagonjwa. Ferooz alikwenda upande wa pili. Anayezungumza ni mgonjwa, anayakumbuka maisha yake ya anasa naye hana muda wa kuyarekebisha. Majuto yake hayamsafishi, wala wimbo haumkebehi. Msikilizaji anabaki na mtu ambaye hawezi kumtetea na hawezi kumwacha, na hapo ndipo maadili yanapoanza kuuma. Watu waliolia kwa wimbo huo hawakulia kwa kupewa elimu ya afya. Walilia kwa sababu karibu kila ukoo ulikuwa na mtu aliyezungumza hivyo kitandani, au aliyekufa bila kupewa nafasi ya kuzungumza.

Inafaa kuulinganisha na "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ongala, mzaliwa wa Kindu mashariki mwa Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alizungumzia kondomu waziwazi enzi ambazo neno lenyewe halikutamkwa mezani. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Redio za binafsi hazikuwepo bado, kwa hiyo wimbo ulienea kwa kaseti na kwa maonyesho ya bendi yake, Super Matimila, kumbini. Ukipimwa kwa ujumbe, hakuna wimbo wa wakati ule uliokuwa na ujumbe wa haja kuliko huo, na bado waliojipa kazi ya kulinda ujumbe ndio waliouzuia. Tukio hilo linaonyesha kwamba neno "ujumbe" mara nyingi hutumika kwa maana ya adabu, na adabu ni kitu kingine kabisa. Wimbo wenye adabu humwacha msikilizaji palepale alipo. Ongala alikuwa na huruma isiyoona haya, na kwa miaka mingi aliimba kwa niaba ya watu wasio na kitu bila kuwafanya watakatifu.

Ongala anafungua pia jambo ambalo wachambuzi wa maneno hulipita haraka, nalo ni muziki wenyewe. Wimbo wa dansi wa Kitanzania kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: gita la solo linajibizana na mwimbaji, kisa kinasimuliwa, ukumbini watu wamekaa au wanacheza kwa kushikana. Kisha ngoma na besi hubadilika, magita hushika mzunguko mfupi unaojirudia, na kinaanza kile ambacho wanamuziki wenyewe hukiita chemko. Meza zinabaki tupu. Sasa chukua "Kifo", wimbo wake wa kulalamikia mauti. Huzuni iliyojengwa katika sehemu ya kwanza haitatuliwi na neno lolote la faraja; inaingizwa yote kwenye miguu. Mgeni anaweza kudhani kwamba watu wanaocheza kwenye wimbo wa msiba hawasikilizi. Wanasikiliza kwa mwili, na pamoja, kama inavyofanyika katika ngoma nyingi za matanga. Kuwa na wafiwa na wasio wafiwa kwenye sakafu moja, katika mdundo mmoja, ni tendo la kimaadili hata kama hakuna anayelitaja kwa jina hilo.

Wanaosema kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na uzito na za leo hazina wanasahau mambo mawili. Kwanza, zilipendwa ni zile zilizochujwa na miaka. Kwa kila wimbo wa Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu unaokumbukwa, zimo maktabani nyimbo za kusifu chama, mkoa na mwenge ambazo hakuna anayeziomba kwenye vipindi vya salamu. Pili, nyimbo za zamani zilizodumu hazikudumu kwa mafundisho. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, aliimba "Kijiti", kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Zanzibar. Muuaji alitorokea bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Wimbo haufundishi kwamba kuua ni vibaya. Unaiweka mahakama ya kikoloni mbele ya macho ya watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Zanzibar, ambao walijua majina na mitaa, na kuwaacha wao watoe hukumu iliyokosekana. Miaka 70 na kitu baadaye "Ndio Mzee" ulifanya kazi ya ukoo uleule.

Taarabu ilikwenda mbali zaidi katika kumpa msikilizaji mamlaka hayo. Mwanamke ananyanyuka katikati ya ubeti, anasogea taratibu kwa mwendo wa maringo, noti mkononi, na kumtunza mwimbaji kwenye mstari alioungoja. Ubeti ulioandikwa na mtunzi asiyemjua sasa ni wake, na yule anayelengwa, aliyekaa meza ya tatu, anajua. Wapo wanaoona mipasho, yaani beti hizo za kusutana, kuwa uchafu wa taarabu, na ni kweli kwamba mingi ni matusi yaliyopakwa sukari. Hata hivyo, kutunza kunatuambia kwamba maana ya kimaadili ya wimbo wa watu haikai kwa mtunzi peke yake. Mhakiki anayekaa na daftari la maneno bila kutazama nani amenyanyuka, wakati gani, amesoma nusu tu.

Machi 2017, Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa sababu ya "Wapo", wimbo unaowataja kwa mafumbo wanafiki wa kila aina. Baada ya muda mfupi Waziri Harrison Mwakyembe alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda, kwamba uendelee kupigwa, na kwamba msanii auboreshe kwa kuongeza aina nyingine za wakosaji. Wengi walifurahi, na kwa haki, maana mtu alitoka mahabusu. Kwa upande wa sanaa, ushauri wenyewe unaeleza mengi. Wimbo ulifungiwa kwa kuwa orodha mbaya na ukafunguliwa kwa kuwa orodha nzuri inayoweza kurefushwa. Pande zote mbili ziliusoma kama ujumbe. "Wapo" wenyewe kwa kiasi fulani uliruhusu hilo, kwa sababu anayezungumza ndani yake amesimama juu ya wote anaowataja. Ni wimbo jasiri. Ujasiri na kina si lazima viende pamoja, na uhakiki unaowapenda wasanii unapaswa kulisema hilo bila kuogopa kuonekana umewasaliti.

Hoja nzito zaidi dhidi ya makala hii inatoka kwenye biashara. Nyimbo nyingi za leo zinatungwa ili zishike sikio mapema: kiitikio mwanzoni, ubeti mfupi, jina la vazi au kinywaji, na maneno machache ya kuchezeka kwenye simu. Masimulizi yanahitaji muda, nao muda umepunguzwa. Hilo haliwezi kukanushwa. Ila wimbo wa mapenzi, unaodharauliwa kuliko wote, bado unabeba mengi. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William, ni wimbo wa mtu anayependa na kushindwa kuoa kwa kukosa fedha. Nusu karne baadaye Diamond Platnumz alianza kujulikana akiimba maumivu ya kijana wa uswahilini asiye na kitu katika "Mbagala". Mahari, kodi ya chumba, aibu ya kutazamwa na wakwe: uchumi wa nchi umeingia humo ukiwa umevaa nguo za mapenzi, na kijana anayeusikia kwenye daladala hahitaji kuelezwa.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye singeli, muziki uliokulia Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, wenye kasi inayoweza kuvuka midundo 200 kwa dakika. Man Fongo alipotoa "Hainaga Ushemeji" mwaka 2016, lawama zilikuwa tayari zimeandaliwa: wimbo hauna maadili. Kwa kipimo cha ujumbe, kesi imekwisha. Kwa kipimo kinachopendekezwa hapa, ndiyo kwanza inafunguliwa. Anayezungumza ni nani: mvulana anayejisifu, au mtaa mzima unaotamka hadharani kitu ambacho kila mtu analalamikia kwa siri? Na kwa nini msemo huo ulikamatwa haraka hivyo na watu ambao wengi wao wana mashemeji wanaowaheshimu? Mwiko wa ushemeji ulihitaji ua, wazee na mlango unaofungwa; chumba kimoja cha kupanga hakina hivyo vyote. Kicheko kinachotoka kwenye wimbo ule kina woga ndani yake, na woga huo haujapata mhakiki anayeukalia chini na kuuandika.