Viwanja vya Ngoma na Watunzi wa Nyimbo katika Ugogo

Zuzu iko magharibi ya mji wa Dodoma, katika uwanda mkavu ambao Wagogo wameukalia kwa vizazi vingi, nayo leo ni kata mojawapo ya Jiji la Dodoma. Mtu atakaye kujua historia ya muziki wa nchi hiyo asianze kwa kutafuta majumba yenye majukwaa na viti. Historia hiyo ilikaa katika nyua za nyumba, katika jando na unyago, na penye pombe ya mavuno. Kila wimbo ulikuwa na mahali pake na wakati wake, na mahali palipobadilika, mtunzi naye alibadilika.

Ugogo una msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili. Watu hulima mtama na uwele, na mwaka wa mvua haba ni mwaka wa njaa. Kwa hiyo ngoma kubwa zilingoja mavuno, chakula kikiwamo ghalani na nafaka ya kupikia pombe ikipatikana. Nyumba ya asili ni tembe, yenye dari ya udongo iliyo sawa na ua katikati. Ua huo ulikuwa zizi la ng'ombe, na uwanja wa wachezaji pia. Mathias Mnyampala, mshairi aliyezaliwa katika nchi hiyo mwaka 1917, aliyaandika mambo ya watu wake katika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954. Yeye mwenyewe alijulikana zaidi kwa mashairi na ngonjera za Kiswahili. Hivyo mtunzi mashuhuri wa Ugogo aliupata umaarufu wake katika lugha isiyo ya mama yake.

Katika ngoma hizo muheme una daraja ya pekee, maana wapigaji wake ni wanawake. Huzibana ngoma katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono, huku mmoja akiongoza na wengine wakimfuata. Asili yake ni shughuli za kuwatia wasichana unyagoni. Nindo ni uimbaji wa kundi, sauti juu ya sauti. Katika nyimbo za namna hii ni vigumu kumtaja mtunzi mmoja: kiongozi huanza, kundi huitikia, na kiongozi hodari huongeza maneno yanayofaa siku ile. Wimbo ukipendwa huwa mali ya wote, na jina la aliyeuanza hupotea.

Wataalamu wa muziki walivutwa na jambo jingine. Upote mmoja wa upinde ukipigwa hutoa, pamoja na mlio wake mkuu, milio mingine midogo iliyopangika juu yake kwa utaratibu wa maumbile. Kutokana na milio hiyo Wagogo wamejenga ngazi yao ya sauti, na katika ngazi hiyo huilinganisha ilimba na zeze na kuimba kwa sauti mbili au zaidi zikienda sambamba. Gerhard Kubik alilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1960, na baadaye Polo Vallejo alikaa na waimbaji wa vijijini kwa miaka mingi akiandika muziki wao.

Viwanja vipya vilikuja kwa njia mbalimbali. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na kutoka kwao ilizaliwa kwaya, ambayo leo ni mahali pakubwa pa kutungia nyimbo mpya. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikaleta wageni na lugha ya Kiswahili. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwakusanya vijijini watu waliokuwa wakikaa katika tembe zilizotawanyika. Ua wa mwenye nyumba ukapungua nguvu, na kikundi cha ngoma cha kijiji, kinachoitwa kwenye mikutano na sherehe za taifa, kikapata nafasi.

Mabadiliko hayo yaonekana wazi katika maisha ya Hukwe Zawose. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, akaingia katika kikundi cha ngoma cha taifa, kisha akafundisha Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Santuri yake Chibite ilitolewa Uingereza mwaka 1996, naye alifariki mwaka 2003. Kwa yeye, nyimbo za Kigogo zilipata mtunzi mwenye jina, na wasikilizaji wasiojua hata neno moja la Kigogo. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa santuri yao, Maisha. Wanawake nao wakatajwa kwa majina.

Lililo zito kuliko yote ni la unyago. Sheria ya mwaka 1998 iliharimisha ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, na ilistahili kufanya hivyo. Lakini nyimbo za muheme zilikuwa zimefungamana na shughuli hiyo, zikabeba mafunzo, mizaha na maneno ya zamani ambayo hayakusemwa penginepo. Mwaka 2007 Kedmon Mapana, mwenyewe Mgogo, alichapisha uchunguzi wa mabadiliko ya muheme, akaonyesha jinsi ulivyohamia makanisani na katika siasa. Kisha aliasisi kituo cha sanaa huko Chamwino, mashariki ya Dodoma, ambako tangu mwaka 2009 hufanyika tamasha la muziki wa Wagogo baada ya mavuno. Kwa hiyo majira ya kale yamehifadhika, ijapokuwa mahali ni pengine.

Ngoma, basi, haikufa ilipoondolewa katika ua. Ilitafuta uwanja mwingine. Kinachoweza kufa ni maneno. Wimbo ukihamishwa kanisani au jukwaani, mdundo huenda pamoja nao, ila lugha ya siri ya unyago hubaki nyuma, na vikongwe wanaoijua hawaongezeki. Anayerekodi nyimbo za Ugogo na aandike, pamoja na sauti, maneno yote ya Kigogo, jina la aliyeongoza, na shughuli ambayo wimbo uliimbiwa. Bila hayo matatu, mkono mmoja utauhifadhi muziki na mkono wa pili utaipoteza lugha.