Usafiri wa Mkazi wa Pembezoni

Umbali wa Temeke na katikati ya mji wa Dar es Salaam haukuwekwa na maumbile. Uliwekwa na wanadamu. Katika utawala wa Waingereza mji uligawanywa kwa rangi: Uzunguni palikuwa ufukoni penye upepo, Uhindini penye maduka, naye Mwafrika akawekwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, makazi ya Waafrika yalipanuliwa mbali zaidi, Magomeni, Temeke na Kinondoni, ilhali kazi zilibaki bandarini na maofisini. Tangu hapo mkazi wa pembezoni huianza kila siku kwa safari ndefu asiyoichagua.

Mwaka 1970 Serikali ililitaifisha shirika la mabasi la DMT, na mwaka 1974 likagawanywa: KAMATA ikashika safari za mikoani, UDA za mjini. Shabaha ilikuwa njema, usafiri uwe huduma ya umma. Wazee wangali wakiyakumbuka mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyoitwa kumbakumba kwa wingi wa watu yaliowazoa. Lakini bei ya mafuta ilipanda, vipuri vikaadimika kwa uhaba wa fedha za kigeni, na watu wakazidi kuhamia mjini. Mabasi yakapungua vituoni.

Pengo hilo halikukaa tupu. Yalizuka magari ya chai maharage, ambamo abiria walikaa kwenye mabenchi wakitazamana kama walio mgahawani. Nayo yalipita kwa kujificha, maana sheria haikuyatambua. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa, ndipo likaenea jina la daladala, litokanalo na dala, yaani sarafu ya shilingi tano. Daladala ziliwaokoa wengi. Hata hivyo, mwenye gari aliyemdai dereva hesabu yake kila jioni alimfunza pia kukimbia, kujaza kupita kiasi, na kumwacha mwanafunzi kituoni kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Moshi wa magari mengi madogo, tena makuukuu, ukawa sehemu ya hewa ya mji.

Mwezi Mei 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi baina ya Kimara na Kivukoni, katika njia yao wenyewe. Basi moja refu hubeba abiria wa daladala kadhaa, na sakafu yake hulingana na jukwaa la kituo, hata mwenye kiti cha magurudumu aweze kuingia. Mwaka 2018 mji ulitunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, na mafuriko yakaivamia mara kwa mara. Anayejenga bila kuliuliza bonde hujibiwa na mvua.

Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Vivyo hivyo, aliye ndani ya gari lake hamjui aliyesimama kituoni. Basi tusiupime usafiri kwa kasi yake tu. Kumbakumba, daladala na mwendokasi huhukumiwa kwa swali moja: mtoto wa shule wa Mbagala, mwenye nauli ndogo mkononi, amepanda au ameachwa?