Mgunga na Jina Lililohama: Jenasi Acacia katika Nyaraka za Misitu za Afrika Mashariki

Jina la kisayansi la mmea hudhaniwa kuwa la kudumu. Historia ya mgunga inaonesha kwamba udumifu huo hutegemea kanuni na kura. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mgunga wa bonde la Nile *Mimosa nilotica*. Mwaka uliofuata Philip Miller aliasisi jenasi *Acacia*, na mgunga huohuo ukaja kuwa spishi-kielelezo, yaani spishi ambayo jina la jenasi hufungamana nayo.

Kufikia mwisho wa karne ya 20, jenasi hiyo ilikuwa na spishi zaidi ya 1,300, na uchunguzi wa nasaba ulidhihirisha kwamba hazikuwa za ukoo mmoja. Ilipaswa kugawanywa. Kwa kanuni ya kawaida, jina lingebaki kwa kundi la mgunga. Hata hivyo, mwaka 2003 Orchard na Maslin wa Australia walipendekeza spishi-kielelezo iwe ya Australia, kwa kuwa spishi za huko, takriban 1,000, ndizo zilizokuwa nyingi zaidi. Katika kongamano la Vienna la 2005, asilimia 54.9 ya kura zilipinga; lakini asilimia 60 ilihitajika ili kutengua pendekezo ambalo kamati ilikwisha kuliidhinisha. Kongamano la Melbourne la 2011 likathibitisha uamuzi huo. Migunga ya Afrika ikahamia *Vachellia* na *Senegalia*, ingawa familia ilibaki ileile, Fabaceae.

Athari zake zingali katika nyaraka. Juzuu la *Flora of Tropical East Africa* la mwaka 1959 huita migunga *Acacia*. Leo jina hilo huwahusu muwati (*Acacia mearnsii*) na jamaa zake wa kigeni. Muwati ulipandwa Njombe na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya magome yake yenye tanini. Hivyo neno moja laweza kumaanisha mti wa asili wa kuhifadhiwa katika waraka wa zamani, na mti wa kigeni wenye kuvamia katika waraka mpya.

Kiswahili hakikuyumba: mgunga ni mgunga, muwati ni muwati. Lakini “mgunga” hujumuisha spishi nyingi, na sheria haiwezi kuutegemea peke yake. Orodha za miti inayolindwa, basi, zinahitaji mambo matatu kwa pamoja: jina la sasa, jina la awali na jina la Kiswahili.