Namna ya kuunganisha programu ya barua pepe na saraka ya pamoja ya anwani

KATIKA ofisi nyingi kila mtumishi hutunza kitabu chake cha anwani ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Mwenzake akihamishwa idara, taarifa hurekebishwa katika kompyuta moja na kubaki vilevile katika nyingine zote. Matokeo yake ni barua yenye siri za mgonjwa au za mishahara kumfikia mtu ambaye haimhusu tena. Saraka ya pamoja huondoa kasoro hiyo: orodha moja hutunzwa kwenye seva, na kila programu ya barua pepe huiuliza inapohitaji anwani.

Maulizo hayo hufanyika kwa itifaki iitwayo LDAP. Ilianzia katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na maelezo yake rasmi ya kwanza yalitoka mwaka 1993, yakiandikwa na Wengyik Yeong, Tim Howes na Steve Kille. Mtangulizi wake, mfumo wa X.500 wa mwaka 1988, ulikuwa mzito mno kwa kompyuta ndogo za mezani. Toleo la tatu la LDAP, la mwaka 1997, ndilo msingi wa linalotumika hadi leo. Huielewa OpenLDAP, isiyolipiwa, na vilevile Active Directory ya Microsoft, iliyokuja na Windows 2000.

Tuchukue mfano wa Thunderbird, programu ya barua pepe ambayo nayo hailipiwi. Kabla ya kugusa chochote, mwombe msimamizi wa mtandao akupe jina la seva, namba ya mlango wake, ambao mafundi huuita poti, mahali pa kuanzia kutafuta, na jina la kujitambulishia. Kisha fungua kitabu cha anwani, chagua kuongeza saraka mpya ya LDAP, na ujaze visanduku vitakavyotokea.

Kisanduku kinachowasumbua wengi ni kile cha "Base DN", yaani mahali pa kuanzia. Huandikwa kama anwani ya juu ya bahasha, kuanzia kidogo kwenda kikubwa, kwa mfano: ou=watumishi,dc=mfano,dc=or,dc=tz. Herufi dc hutangulia kila kipande cha jina la kikoa cha taasisi, na ou hutangulia jina la kitengo. Ukiacha kipande kimoja au ukikosea mpangilio, utakachokipata ni ukurasa mtupu. Kisanduku cha "Bind DN" ni cha jina lako la kujitambulishia. Zipo seva zinazokubali kuulizwa na mtu asiyejitambulisha, lakini Active Directory, tangu toleo la mwaka 2003, kwa kawaida hukataa.

Usalama ndio usiopasa kupuuzwa. Mlango wa kawaida wa LDAP ni namba 389, na huko, pasipo kinga nyingine, neno lako la siri husafiri wazi, likisomeka na yeyote anayechungulia mtandao wa ofisi. Katika taasisi nyingi neno hilohilo ndilo linalofungua barua pepe na mafaili, hivyo anayelinasa hapati orodha ya simu tu. Weka alama kwenye chaguo la mawasiliano salama. Namba ya mlango itakuwa 636. Ikiwa cheti cha seva kimetolewa na ofisi yenyewe, cheti cha mtoaji kiingizwe kwanza ndani ya Thunderbird, vinginevyo muunganisho hukwama. Wapo wanaoondoa alama ile ili mambo yaende. Hilo ni sawa na kuvunja kitasa kwa sababu ufunguo umepotea.

Ukimaliza, usishtuke kuona saraka haina jina hata moja. Saraka hii hujibu swali tu: andika herufi chache za jina katika kisanduku cha kutafutia, na majina yataonekana. Ili yajitokeze pia unapoandika anwani ya barua, ingia kwenye mipangilio ya uandishi, sehemu ya anwani, uweke alama kwenye seva ya saraka. Wengi husahau hatua hii, wakadhani seva imekufa. Jambo jingine la kujua ni kikomo cha majibu: Thunderbird kwa kawaida huomba yasiyozidi 100, na seva nayo huweza kuwa na kikomo chake. Ukitafuta "Juma" katika taasisi kubwa, huenda Juma wako akaachwa nje ya orodha. Ongeza jina la ukoo.

Thunderbird husoma tu saraka ya namna hii. Namba iliyokosewa hurekebishwa na msimamizi kwenye seva, na ofisi isiyompa mtu kazi hiyo itakuwa na makosa yaleyale, safari hii yakisomwa na wote.

Anayesafiri na kompyuta ya mapajani anaweza kupakua nakala ya saraka ili aitumie pasipo mtandao. Nakala hiyo hubaki ilivyokuwa siku ya kupakuliwa mpaka ipakuliwe upya. Tena, kompyuta ikiibwa, majina na simu za watumishi wote huondoka nayo. Kwa Tanzania, taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa hiyo msimamizi ana sababu ya kuacha simu za nyumbani nje ya saraka tangu mwanzo.