Muuguzi Aliyebisha Hodi
Mwaka 1859 tajiri wa Liverpool, Uingereza, William Rathbone, alifiwa na mkewe, aliyeuguzwa nyumbani na Mary Robinson. Rathbone akawaza: na maskini je? Akamwajiri Mary akawauguze majumbani mwao. Ufukara aliouona huko ulimliza, lakini kazi hakuiacha. Uuguzi wa majumbani ukaota mizizi.

Lakini huruma bila ujuzi haitoshi. Watu wengi waliamini kidonda kiachwe wazi kikauke. Kumbe sivyo! Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majeraha ya nguruwe, kuwa kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi upesi zaidi.

Basi, ndugu msomaji, kidonda hakiulizi nyumba ni ya nani. Kinataka mikono iliyonawa, bandeji safi, na mjuzi atakayebisha hodi tena.