Kwa Mary Leakey, Kule Korongoni

Magari mengi yanayopanda kutoka Karatu hayana muda na Mary Leakey. Yanapita lango la Lodoare, yanasimama ukingoni mwa kreta watu wapige picha, halafu hao, mbio Serengeti kuwahi simba. Ukifika kwenye sanamu ya mafuvu mawili makubwa kando ya barabara, mwambie dereva aache njia kuu. Huko ndiko Olduvai, na huko imehifadhiwa kambi alikoishi mwanamama huyu kwa takriban miaka kumi na mitano, hadi 1983.

Usitegemee jumba. Mwingereza aliyeishi Afrika enzi zile tumezoea kumwazia kwenye veranda pana na bustani ya maua. Hapa ni vijumba vya kawaida, vumbi, upepo, na bonde kavu mbele yako. Alikaa hapa na mbwa wake wa madoadoa, akivuta sigara zake nene na kupanga mawe mezani. Kwangu mimi, hayo mawe ndiyo kazi yake kubwa kuliko fuvu lililompa sifa. Kitabu chake cha 1971 kuhusu tabaka mbili za chini za bonde kinaeleza zana za mawe moja baada ya nyingine, kwa subira inayochosha hata kuisoma. Na huyu hakuwahi kusomea shahada. Digrii zote alizokuwa nazo ni za heshima.

Fuvu lenyewe tunalijua. Tarehe 17 Julai 1959 mumewe Louis alikuwa kambini anaumwa mafua. Mary akatoka na mbwa wawili, akaona mfupa umejitokeza kwenye mteremko, kisha meno. Ni Zinjanthropus, wa miaka kama milioni 1.75 iliyopita. Kabla mwezi uliofuata haujaisha Louis alishaandika kwenye jarida la Nature na kulipeleka fuvu kwenye mkutano Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Jina pia alilitunga yeye: Zinj, lile jina la kale ambalo Waarabu waliliita pwani yetu. Mary aliliokota, Louis akalitangaza. Ndoa yao kikazi ilikwenda hivyo kwa miaka mingi, na nadhani Mary hakujali sana kelele, mradi aachwe achimbe.

Kuna kichekesho kidogo hapo. Mahali alipolipata panaitwa FLK, na herufi hizo ni Frida Leakey Korongo. Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis! Mary naye ana la kwake, MNK, Mary Nicol Korongo, kwa jina la ukoo wake kabla ya kuolewa. Neno letu "korongo" limo kwenye majarida ya sayansi duniani kote, na wanaolisoma sijui wangapi wanajua ni Kiswahili.

Lakini sikia majina yaliyowekwa kwenye makorongo hayo: Frida, Mary, MacInnes, Bell. Korongo la Nzube liko wapi? Peter Nzube ndiye aliyegundua mwaka 1968 fuvu lililokuwa limebanwa bapa, wakalibandika jina la Twiggy, mwanamitindo wa London aliyekuwa mwembamba kama kijiti. Kamoya Kimeu alipata taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, mwaka 1964. Watu hawa waliamka alfajiri ileile na kutambaa kwenye jua lilelile. Ukitembelea kambi, muulize mwongozaji walilala wapi, walipika nini, walilipwaje. Nyumba ikihifadhiwa kwa jina la mtu mmoja, ni rahisi kusahau kwamba ilikuwa kambi.

Na usimtafute Zinj pale. Fuvu halisi lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965 na liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, ambazo timu ya Mary ilizifukua kuanzia 1978, zimefukiwa tena ili zisiharibike. Kwenye makumbusho ya Olduvai utaona nakala. Kilicho halisi pale ni bonde, na vyumba vya mama mmoja aliyeamua kuishi karibu na kazi yake.