Motere ya 404 ya baba: imekufa, ao imechoka tu?

Wasikilizaji wa Dilala, nanyi jamaa mliohamishwa, swali hili linarudi kila mara: Peugeot 404 ya baba imelala uani, motere haina nguvu, na wanunuzi wa vyuma wanataka kuipima kwa kilo. Tuwaulize mafundi wa zamani kabla ya kuuza.

Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Kolwezi wakati ule iliishi kwa shaba ya Union Minière, ambayo serikali iliichukua mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na mwaka 1992 na 1993 jamaa nyingi zilifukuzwa, zikangojea treni kwenye gari la moshi la Kolwezi na Likasi. Mishahara ikapotea, vipuri vikawa ghali. Fundi alilazimika kujua ugonjwa kabla ya kufungua motere.

Kwanza alitumia mkono. Kontakti imezimwa, gari halina vitesi, unazungusha manivela mara mbili. Motere ina silinda 4, basi mkono usikie uzito mara 4. Uzito mmoja ukikosekana, silinda moja inavuja.

Mwenye kipimo anatoa bujia zote, anakanyaga gesi mpaka chini, anapiga demara, anaandika namba ya kila silinda. Anatafuta namba zinazokaribiana. Silinda dhaifu anaitia kijiko cha mafuta ya motere, anapima tena. Namba ikipanda, segma ao shemise zimelika. Vumbi letu linazila sana. Isipopanda, sopape hazifungi vizuri. Silinda 2 jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi ni juenti ya kilasi.

Lakini sopape zilizorekebishwa vibaya pia zinapunguza kompresio, na dawa yake ni ufunguo na saa moja ya kazi. Hata shemise za 404 zinatoka na kubadilishwa bila kutupa bloki.

Kwa hiyo, mama, kaka, kabla ya kupokea bei ya chuma, omba fundi azungushe manivela mbele yako. Hesabu naye mpaka 4.